Kiti cha Mkamwana

Mzee Randa, seremala, hajawahi kununua kiti maishani mwake. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa karakanani, maana randa ilikuwa haimtoki mkononi. Nyumbani kwake kila mtu alikuwa na kiti kilichopimwa kwa mwili wake mwenyewe, na siku ya chakula cha sikukuu ole wako ukalie cha mwenzio!

Taabu ni kwamba watu wanakua, viti havikui. Mkwewe, mume wa binti mkubwa, alipimwa angali bwana harusi, mwembamba hata suruali inamvuka. Mwaka huu aliinuka kuongeza mchuzi, kiti kikainuka naye. Watoto wakaangua kicheko.

"Baba, kiongeze upana, jamani!" mkwe akalalama.

"Punguza wewe. Kiti hakina kosa."

Lakini moyo wa mzee haukuwa kwenye utani. Macho yalimganda kwenye kiti kitupu chenye mgongo mrefu, cha mkamwana wake. Talaka ilitoka miezi saba iliyopita, na mwanawe, aliyeivunja ndoa, alituma salamu kwamba hatafika. Shauri lake! Ila yule binti alikuwa amemwita Baba miaka kumi na mmoja, akimshikia mbao huku yeye anapiga msumari. Leo amwache aende hivi hivi? Mkewe alitaka kiti kiwekwe stoo. Mzee alijifanya hakusikia.

Mlango ukagongwa. Mkamwana alikuwa amewaleta wanawe wawili waje kula na wenzao. Akaishia kizingitini, mkoba begani.

"Shikamoo, Baba. Nitarudi kuwachukua jioni."

"Marahaba. Hebu njoo kwanza, kiti chako kinacheza mguu."

"Baba, mimi tena hapa si..."

"Sijakuuliza hayo. Nitakitengenezaje kikiwa kitupu? Kaa nikione."

Akakaa ukingoni, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Mzee akachukua nyundo, akajiingiza chini ya meza, magoti yakilia. Akagonga hapa, akagonga pale. Huko juu mkewe, ambaye tangu mlango ufunguliwe alikuwa amenuna, alishindwa kuvumilia kuona mtu mezani bila sahani.

"Utakula au umekuja kupamba meza?" akamwambia mkamwana, huku anampakulia.

Sahani ya kwanza ikaisha, ya pili ikafuata. Mzee yuko chini tu. Mkamwana akauweka mkoba sakafuni, akafunua kitambaa cha meza, akachungulia. Alimkuta amekaa kitako, nyundo mapajani, hafanyi lolote.

"Baba," akanong'ona, "kiti hakichezi."

"Najua. Nimekikaza juzi." Mzee akakwepesha macho. "Nipe mkono, mwanangu. Magoti yamegoma."

Binti akacheka huku machozi yanamtoka. Akamvuta mzee mpaka akasimama, akampangusa vumbi suruali. Kisha akarudi kukaa, safari hii mpaka ndani kabisa, mgongo ukaegemea.