Siku Tuliyolishusha Turubai

Niseme ukweli mapema: mimi kufundisha sikutaka. Nilitaka kupumzika. Mgongo ulishanikataa, goti la kushoto linalia nikipanda ngazi, na mtu aliyeshika randa tangu ujana wake ana haki ya kukaa nyumbani akila ndizi na maharage bila kusumbuliwa. Lakini mwenyekiti wa kikundi cha kijiji alinijia mara tatu, na mara ya tatu alikuja na mkungu kichwani. Mzee mzima, mvi tupu, amebeba mkungu kwa ajili yako. Utamfukuzaje? Ndivyo nilivyojikuta naitwa mwalimu, kila Jumanne na Alhamisi, ndani ya ghala la zamani la kukobolea kahawa huku Nyabiyonza.

Ghala lenyewe lilikuwa limekufa siku nyingi. Mashine ziling'olewa, zikabaki bolti zimesimama kwenye sakafu, na hakuna mgeni aliyeingia mle asijikwae. Ukigonga ukuta, vumbi la maganda ya kahawa linakushukia kichwani mpaka unapiga chafya. Tulikuwa watu kumi na kitu, wengi wao wanawake. Kazi yetu ilikuwa kuvifanya vilivyotupwa vifae tena: mbao za ghala, mabati ya maduka yaliyobomolewa kupisha barabara, fremu za madirisha, milango ambayo nyumba zake hazipo tena. Tulichomoa misumari tukainyoosha, tukaziba matundu ya mabati kwa lami na vitambaa. Watu wa mradi uliotufadhili walikuja siku ya kwanza, wakaongea sana habari za mazingira, wakapiga picha wamevaa kofia ngumu, wakaondoka. Sisi tukabaki na misumari.

Sisemi ilikuwa kazi mbaya. Nasema ilichosha. Kumfundisha mtu mzima kuitoa mbao bila kuipasua ni kazi ya subira, na subira yangu niliimaliza zamani. Nilifoka, nawaombeni radhi wote. Walinicheka tu. "Mwalimu leo ameamka na ule mgongo," walisema, wakaendelea kupasua mbao.

Kati ya wanafunzi hao alikuwepo mama mmoja mjane, umri wake kama wangu. Huyo sikuwahi kumfokea, kwa sababu alikuwa anafanya kitu mara moja, anakipata. Mume wake alikuwa amezikwa kwenye kibanja chao, chini kidogo ya nyumba, katikati ya migomba. Watoto walikuwa mbali, wanapiga simu Krismasi. Alichobakiwa nacho ni nyumba ya vyumba vitatu, matofali mabichi, ambayo yeye na marehemu waliijenga kwa mikono yao. Alinieleza jinsi walivyokanyaga udongo ule kiangazi kizima, miguu ikapasuka. Kuta zilikuwa bado nzuri, zimenyooka. Bati ndilo lililokuwa limeoza mpaka ukilala kitandani unaona nyota.

Mwenyekiti akaamua kwamba somo la paa tulifanyie kwake. Wote tukafurahi, hata mimi. Nilipiga hesabu ya siku tatu: ya kwanza tunashusha paa bovu, ya pili tunapandisha kenchi tulizotengeneza kwa mbao za ghala, ya tatu tunapiga mabati. Vuli ilikuwa bado, jua kali, mawingu hayana habari. Kwa usalama tukapandisha juu ya kuta turubai kubwa la kikundi, tukalifunga kwa kamba pande zote nne. Tofali bichi likilowa linarudi kuwa udongo, nami sikutaka mchezo na kuta za watu. Jioni ile yule mama alitupikia. Alizunguka nyumba yake isiyo na paa mara mbili, akitabasamu peke yake.

Asubuhi ya pili, kabla hatujapandisha hata mbao moja, tukasikia kilio kutoka kilima cha pili. Mzee mmoja, jirani wa ng'ambo ya bonde tu, amefariki alfajiri.

Msomaji wa mbali labda hajui, ngoja nimweleze. Huku kwetu akifa mtu, jembe linalala. Nyundo inalala. Hupigi hata msumari mmoja mpaka udongo umfunike. Ukipiga, chama cha kuzikana kinakutoza faini, na faini ndiyo nafuu, maana kinachouma ni kwamba siku yako ikifika watakaa kwao. Nani atakuchimbia? Na turubai la kikundi, benchi za kikundi, masufuria ya kikundi, vyote vinakwenda msibani bila mtu kuomba ruhusa. Vilinunuliwa kwa ajili hiyo. Hata siku moja sijawahi kuona turubai likibaki nyumbani wakati kuna maiti.

Mwenyekiti alifika na wanaume wanne. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akainua macho kuangalia juu ya kuta.

"Mwalimu, tumefuata turubai," akasema.

"Mzee, hili limefunika nyumba. Kuta ni mbichi."

"Naona. Lakini watoto wa marehemu wanatoka Mwanza, maziko ni kesho. Watu watakaa juani siku mbili?"

"Na mvua ikija?"

"Waitu, mwalimu! Mvua gani? Angalia mbingu." Akasukuma kofia nyuma. "Nyumba haijafa. Aliyekufa ni mtu."

Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi, mkono wangu umeshika kamba ya kona. Chini yangu wanaume wanne, mwenyekiti, na wanakikundi wote wakiwa wameshaanza kufunga kanga viunoni ili waende msibani. Lazima niseme na hili: mimi ni mzaliwa wa Muleba. Nimeishi Karagwe miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu, nimeoa hapa, nimepanda migomba yangu hapa, na bado nikikosea kijambo kidogo nasikia nyuma yangu, "Msameheni, ni mtu wa kuja, hana kaburi hapa." Inachosha jamani. Unafika mahali unataka siku moja tu upite bila kuambiwa hivyo.

Yule mama alikuwa mlangoni, mikono imefungwa kifuani. Nikamgeukia, nikamuuliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Mama, unasemaje? Nyumba ni yako."

Akamwangalia mwenyekiti, akaniangalia mimi. Wote wakamwangalia yeye.

"Lipelekeni," akasema.

Tukafungua kamba. Mabati yalikuwa ghalani, na kuyabeba siku ile ingekuwa kazi, na kazi ilikatazwa. Mimi na yeye tukakata majani makavu ya migomba, tukayapanga juu ya kuta, tukayagandamiza kwa mawe. Mtu angepita angesema tunacheza na majani, maana haikuonekana kama kazi wala kama kinga. Halafu tukanawa mikono, tukaenda msibani kama watu wengine.

Maziko yalikuwa kesho yake saa nane. Mchungaji alikuwa anasoma wakati upepo ulipogeuka. Nilijua kabla ya tone la kwanza, fundi wa paa anajua. Ilikuja mvua ya ghafla, nzito, ile inayokuja mara moja tu kabla ya msimu wake halafu inapotea wiki mbili kana kwamba haikufanya kitu. Watu wote wakasogea chini ya turubai. Lilitutosha. Kaburi nalo lilikuwa ndani ya kivuli chake, hata jeneza halikulowa, na nikamsikia mzee mmoja nyuma yangu akisema kikundi chetu kimemsitiri marehemu vizuri sana.

Yule mama alikuwa upande wa wanawake, amekaa kwenye mkeka. Tukatazamana. Hakunyanyuka, wala mimi sikunyanyuka. Mtu haondoki udongo haujarudi kaburini, na udongo ulikuwa umegeuka matope, wachimbaji wanateleza, kila koleo linachukua muda wake. Nilisimama pale nikisikiliza maji yanavyopiga turubai juu ya kichwa changu kikavu. Sijawahi kuona aibu kama ile, na hakuna aliyejua naona aibu isipokuwa mtu mmoja.

Tulifika kwake saa kumi na moja. Majani yalikuwa yametawanyika kwenye kibanja. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala, haukuanguka, umelala tu chini kama mtu aliyechoka. Wa kando ulikuwa umefura tumbo. Usiku ule nao ukaanguka, tuliusikia kwa mbali, na asubuhi tulilazimika kuusukuma wa tatu wenyewe kwa sababu ulikuwa unatishia watu. Katika nyumba nzima ulibaki ukuta wa mbele na mlango wake. Mwenyekiti alivua kofia, akaishika mkononi, akasema pole mama, pole sana, kiangazi kikija kikundi kitafyatua matofali. Kila mtu akasema pole. Wanasema vizuri pole watu wa huku, sitawanyima sifa hiyo.

Akahamia kwa shemeji yake kule Kiruruma, akapewa chumba cha kuwekea kahawa. Kiangazi kimekuja kimeondoka. Matofali yalifyatuliwa kidogo, halafu kukawa na msimu wa maharage, halafu arusi, halafu misiba mingine miwili. Kenchi zake bado ziko ghalani, zimeegemezwa ukutani, na kila mwanafunzi mpya akitaka kuzichukua namwambia hapana, hizo zina mwenyewe.

Yeye hakuacha kuja. Anatoka Kiruruma kwa miguu, anafika kabla yangu. Alhamisi moja tulikuwa wawili tu mle ndani, wengine wamekwenda kupakua milango kwenye gari. Alikuwa anakwangua rangi kwenye fremu ya dirisha. Bila kuacha kukwangua akasema:

"Mwalimu, kuna kitu nataka kukuuliza."

"Uliza, mama."

"Siku ile. Kwa nini uliniuliza mimi, mbele ya watu?"

Nikaanza kumwambia kwamba nyumba ilikuwa yake, kwamba si heshima fundi kuamua juu ya mali ya mwenye nyumba. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Wewe ungekataa wangekununia mwezi mmoja," akasema. "Wangesema ni mtu wa Muleba, atajuaje, wangekusamehe yakaisha. Mimi mume wangu yuko kwenye kibanja kile, na walikuja kumzika wote. Ningekataa kwa mdomo upi?"

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Aligeuza fremu, akaanza upande wa pili, na mimi nikakaa juu ya rundo la mbao kwa sababu goti lilikuwa limegoma. Nilitaka kumwambia kwamba sikulifikiria hilo, kwamba yalitokea haraka, kwamba mbingu ilikuwa nyeupe. Lakini nilikuwa nimelifikiria. Nikiwa juu ya ngazi, kamba mkononi, nilijua hawezi kukataa. Ndiyo maana nilimuuliza yeye.