Dakika Kumi za Pande Mbili

Benta Apondi anashusha breka, swichi ya kukata stima, ndani ya chumba kidogo chini ya mnara wa simu, na redio, mitambo inayorusha mawimbi ya simu, zinaendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi huyu wa miaka 46 anakodolea macho kidhibiti, kisanduku kinachopima nguvu ya betri na kuamua nani apewe umeme.

"Sasa tunaishi kwa betri," anasema. "Ngoja uone vile itaanza kuwa mchoyo."

Mnara uko kilimani nje ya Ainabkoi. Redio moja inaelekea soko, nyingine inaelekea shule. Stima ikipotea na jenereta ikiishiwa dizeli, betri hubeba zote mbili. Nguvu ikipungua, kidhibiti huzima redio moja ili nyingine idumu. Ikishuka hadi volti 43 hukata kila kitu, kwa sababu betri ikinyonywa hadi mwisho huharibika.

Kidhibiti kimepangwa kuanza kuzima upande wenye simu chache. Hapa ni upande wa shule.

Mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipozuka, barabara zilifungwa kwa mawe na magogo. Lori la dizeli halikufika, na stima ilikuja kwa vipindi vifupi. Wakazi wa soko walibaki kwao. Waliochomewa nyumba walikimbilia shuleni. Apondi, mzaliwa wa Siaya aliyeajiriwa Eldoret, alikwama kituoni pamoja na mlinzi, Mzee Wanyonyi.

Alikinyang'anya kidhibiti kazi hiyo, akawa anazima na kuwasha redio kwa mkono, kwa breka za ukutani: saa moja soko, saa moja shule. Vijana wa soko wakafika langoni.

"Mama, mbona unawapa wale network?"

"Saa yenu inarudi. Mkiniweka hapa kwa stori, nitachelewa kuwawashia."

Walicheka wakaondoka. "Mimi sikucheka," anasema Apondi. "Nilifunga lango kwa kufuli, nikarudi kuhesabu dakika."

Aliyegundua kasoro ya mpango huo ni Jepkosgei, mfugaji wa upande wa soko. Alikuwa amemhifadhia ng'ombe jirani yake Nyokabi, aliyekuwa shuleni.

"Nilimwambia, wewe fundi, hii network yako ni ya nini?" anakumbuka Jepkosgei, ambaye leo amepita kituoni akitoka kupeleka maziwa. "Nikiwa nayo, Nyokabi hana. Akiwa nayo, mimi sina. Sasa nitamwambiaje ng'ombe wake amezaa?"

Apondi hakuwa amelifikiria hilo. Tangu siku hiyo, kila zamu ilipobadilika, aliacha redio zote mbili hewani kwa dakika kumi. Betri ziliisha upesi zaidi, lakini Jepkosgei alipiga simu.

"Aliuliza kitu kimoja tu: ni jike? Nikasema ni jike. Nikamsikia analia."

Nyokabi hakurudi kuishi Ainabkoi. Ng'ombe na ndama walimfuata barabara zilipofunguka, na mpaka leo yeye na Jepkosgei hupigiana simu.

Sasa kampuni inaweka kidhibiti kipya, kinachoweza kugawa zamu chenyewe. Marvin, mhandisi wa ofisi ya Eldoret, amekubali zamu. Dakika kumi ndizo anazopinga.

"Mama Apondi, hawa watu wanapigia watu wa mbali," anasema huku akifungua kompyuta yake. "Soko kupigia shule ni simu chache sana. Tutachosha betri bure."

"Ni chache kwa sababu wanakutana sokoni," Apondi anamjibu. "Funga barabara, halafu uzihesabu tena."

Marvin anakuna kidevu. Kisha anaingiza dakika kumi kwenye mpangilio wa majaribio. Betri zikifika jioni bila kukatwa, anasema, atazipendekeza dakika hizo kwa kampuni. Kampuni ndiyo itakayoamua.

Namba kwenye kidhibiti inateremka polepole. Redio ya shule inazimika. Zamu inapofika inawaka tena, na kwa muda zote mbili zinanguruma pamoja. Jepkosgei, ambaye angekuwa ameshaondoka, amesimama mlangoni na mtungi wake mtupu.

Kampuni ikikataa, Apondi ana ombi moja.

"Wasiondoe hizi breka za kuzima redio kwa mkono," anasema. "Waziache pale ukutani, mimi au atakayekuja baada yangu azifikie."