Mlio Ambao Fundi Hakuupima

"Hivi jirani, hao wanaopigiwa kura humo ndani ya kisanduku chako ni akina nani?"

Jirani muuza mkaa aliuliza hivyo mwaka juzi, akiwa ameegemea ukuta wa karakana ya fundi redio, ambaye hicho kisanduku hukiita cha kura. Fundi alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Akamweleza kwamba ni vipokezi vitatu vya redio, kila kimoja na kilima chake. Mtu wa redio ya mkononi akiongea, vyote humsikia, kila kimoja kwa kadiri yake. Kisanduku hutega sikio kwenye mkwaruzo. Chenye mkwaruzo mdogo ndicho hushinda, na sauti yake ndiyo inayorushwa upya na ripita, mtambo wa kurudia sauti kwa nguvu, ili wote waisikie.

"Afadhali kura zako," jirani akasema. "Huko hakuna wizi."

Siku hizi jirani haulizi, na fundi hacheki.

Saa nne asubuhi hii amekaa kwenye kigoda katikati ya spika za watu, chuma cha kulehemu kikiwa baridi mkononi. Mkewe yuko mlangoni na shati lililopigwa pasi.

Ana miaka hamsini na minane. Riziki yake ni hizo spika. Vilima ni kazi ya kujitolea kwa chama cha redio za ridhaa, watu ishirini na wawili ambao mafuriko yakikata simu, wao ndio huitana. Miaka kumi na tisa amepanda na betri begani.

"Nauli wananipa," anasema. "Na shukrani nilikuwa napewa."

Kilima cha tatu kiko mbali. Ili kuileta sauti yake mjini, fundi aliunga waya wa zamani wa simu, kilomita saba. Waya wa namna hiyo humeza milio myembamba, na mkwaruzo nao ni mlio mwembamba. Basi kila kilichopita humo kilifika bila mkwaruzo, lakini maneno yamezibwa kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Kisanduku hakijui maneno. Kikawa kinakichagua kilima cha tatu, leo na kesho.

Anayeijua kazi hii hupitisha kwanza milio ya kupimia katika kila waya, mnene hadi mwembamba, kisha akasawazisha. Fundi anaijua. Siku hiyo mvua ilikuwa inakuja, akapima kwa mdomo: moja, mbili, tatu.

"Na sauti yangu mimi ni ya pipa," anasema. "Ikapita vizuri."

"Nilimwambia apime na yangu," mkewe anadakia. "Akasema nitaharibu mitambo."

"Ulisema utaimba."

"Ningeimba, baba. Ningeimba mpaka jioni."

Miezi mitano iliyopita mto ulifurika. Mwalimu mstaafu wa bondeni, mwanachama mwenzao, mwenye sauti nyembamba kama filimbi, aliita mara sita. Wenzake walisikia mngurumo tu, wakasema betri yake inakufa. Maji yalipopungua, yeye ndiye aliyekuwa amekufa.

Wiki iliyopita fundi alipanda kilima cha pili kusafisha kipokezi. Huko kuna kinasa sauti cha ukaguzi. Akakisikiliza. Mwalimu alikuwemo, na mkwaruzo wake, neno kwa neno.

Mwenyekiti wa chama alimwambia anyamaze, kwani yote hupangwa na Mungu.

"Mungu hakuunga ule waya," fundi anasema, akivaa shati. "Niliuunga mimi."

Anataka kuweka kipokezi cha nne bondeni, kilichopimwa inavyopasa, ili watu wa kule wasikike. Mahali panapofaa ni pamoja tu: kwenye mlingoti wa marehemu mwalimu, ulio juu ya paa la nyumba yake. Na mjane amekwisha kuuza mlingoti huo. Mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja kesho.

"Karibu, shemeji," mjane anamwambia fundi sebuleni kwake, akimsogezea kiti. Redio ya marehemu iko mezani, imefunikwa kitambaa.

Fundi hakai. Anaeleza yote akiwa amesimama: waya, kisanduku, kinasa sauti. Mjane anasikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Alikuwa anasema nini?"

"Kwamba yuko juu ya tangi la shule. Kwamba maji yamemfika magotini. Mara ya mwisho akasema kiunoni."

"Yalisikika hayo?"

"Kilima cha pili kiliyasikia, shemeji. Kisanduku changu kikayatupa."

Mjane anaigeukia redio iliyofunikwa.

"Mimi nimemlaumu kwa ile betri," anasema. "Kila nikiinama kusali, naanza kwa kumlaumu. Nasema, mzee mzima, umeshindwa hata kuchaji betri."

Fundi anasogeza kiti kando. "Sistahili kuomba kitu katika nyumba hii. Ila ule mlingoti ukibaki, wa bondeni akiita tena..."

Hamalizi. Mjane ameinama chini ya meza. Anatoa chaja ya marehemu, imejaa vumbi, waya wake umezungushwa kwa hasira. Anaukunjua polepole. Anaifuta chaja kwa pindo la nguo, pande zote, anaiweka kando ya redio. Kisha anachukua mtandio wake msumarini, anampita fundi aliyesimama, na kutoka nje, akishika njia ya kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.