Mkwe Alimwambia Mkwe

Fundi cherehani alikuwa anaipenda Biblia, ila ukimbana aseme ukweli, alikuwa anapenda hadithi moja tu. Ile ya mjane aliyefiwa na mume, akafiwa na wanawe wawili, akabaki na wakwe wawili, wake za hao wanawe. Mkwe mmoja akamganda kama gundi, haendi popote bila yeye.

Aliipenda kwa sababu ilikuwa yake. Na yeye alifiwa na mume, halafu na mwanawe wa pekee, akabaki na mke wa huyo mwanawe. Vyumba viwili, cherehani moja, wanawake wawili, na wote wanaitana mkwe.

"Mkwe, umeona mkasi?"

"Mkwe, umeukalia!"

Yaani ukipita nje unaweza kudhani kuna mtu mmoja mle ndani anajisemesha.

Sasa bwana, mkwe mdogo akaanza kupokelea simu nje. Fundi si mtoto. Simu ya dada yako hupokei huku unachorachora ukuta kwa kidole. Mpigaji alikuwa fundi umeme, yule aliyekuja kutengeneza soketi akaondoka na moyo wa mtu. Anataka kuoa, wahamie mji mwingine alikopata kazi. Fundi akamsikia mkwe mdogo kupitia dirishani: "Siwezi kumwacha mkwe." Akafurahi. Halafu hiyo furaha ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumatano, kwenye kikundi cha kujifunza Biblia sebuleni kwa Mama Kelele, Fundi akaomba isomwe hadithi yake. Alikuja na mkwe mdogo makusudi. Alitaka asikie.

Mwalimu wa kikundi ana mambo yake. Hataki msome tu, anataka msimulie kwa maneno ya nyumbani. "Haya, imetokea jana, nyumba ya pili kutoka hapa. Nani anaanza?"

Mama Kelele akadakia. "Mkwe alimwambia mkwe arudi kwao, mkwe akakataa."

"Mkwe yupi?" akauliza Mzee wa Miwani.

"Si huyo mkwe!"

"Wote wakwe, mama! Nani alimwambia nani?"

Sebule nzima ikacheka, mpaka mkwe mdogo akaziba mdomo. Fundi hakucheka.

"Mkubwa alimwomba mdogo asimwache," akasema. "Mdogo akakubali."

"Wapi hapo?" Mwalimu akamsogezea kitabu. "Hebu tusomee, Fundi."

Akasoma, kidole kikitembea chini ya maneno. Mkubwa ndiye aliyesema rudini. Akasema tena, na tena. Akawabusu, akawaombea kila mmoja apate raha kwa mume mwingine. Jamani, miaka yote hiyo Fundi alikuwa anamsikia mkwe mmoja tu. Kumbe wa kwanza kufungua mdomo alikuwa mtu kama yeye, na alisema nenda.

"Mama wa watu alikuwa na moyo," akasema Mzee wa Miwani.

"Moyo gani? Hakuwa na chakula!" Mama Kelele akajibu.

Wakati wa kurudi, wawili hao walitembea pamoja mpaka kona ya duka la dawa.

"Mkwe," Fundi akaanza, "yule fundi umeme umeshamjibu?"

"He! Nani kakwambia?"

"Dirisha. Nenda, mwanangu."

"Nikienda utakula na nani?"

"Na meno yangu."

Wakacheka. Fundi akasema tena, "Nenda." Moyoni alikuwa anangoja akataliwe, kama kitabuni. Mkwe mdogo akalia, akamkumbatia kwa nguvu, kisha akasema, "Asante, mkwe."

Basi. Akaondoka.

Nyumba ikapwaya. Fundi anapika wali wa watu wawili, asubuhi anakula kiporo. Akiulizia mkasi, anaulizia hewa. Mtaani anaitwa Fundi, kanisani anaitwa Mama. Simu huwa inalia Jumapili, dakika chache, halafu mtandao unakata. Mkwe ni neno la watu wawili, huwezi kulibeba peke yako.

Jumatano moja, kikundi kikiwa kwenye sehemu ya mavuno ya hadithi hiyohiyo, Mwalimu akauliza kama kuna swali. Fundi akanyoosha mkono.

"Yule mkwe mwingine. Yule aliyekubali kurudi kwao. Alifika salama?"

Mwalimu akafunua ukurasa, akafunua na mwingine. "Kitabu hakisemi, Fundi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Kila siku tunamsifu aliyebaki," Fundi akasema. "Na huyu naye alilia."



"Atakuwa alifika," Mzee wa Miwani akasema taratibu. "Njia alikuwa anaijua."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Wenzake wakaendelea na mavuno. Yeye akarudi nyuma kurasa chache, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho unaomtaja yule mwanamke, akakiacha hapohapo, kama mtu anayezuia mlango usifungwe.