Ubao wangu mpana haugawiwi

Leo nimeanguka ziwani mbele ya watu, na bado nimeshinda.

Asubuhi, hapa Rumonge, nilikuwa nafunga tanga langu kubwa kwenye ubao wangu mpana wa kuteleza majini kwa upepo. Jirani yangu Désiré, bingwa wa kujisifu, akaja na ubao wake mwembamba.

"Mama Aline, hii ni ubao ama ni meza? Upepo iko kidogo. Utateleza na nini?"

"Nisipoteleza, ubao ni wako."

Ndiyo, nilisema hivyo. Akina mama wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, walinisikia.

Désiré akaingia na tanga lake dogo, zuri kwa picha. (Upepo hautazami picha, jamani.) Upepo haukumtosha; ubao ukazama naye hadi magotini.

Mimi nikapanda ubao wangu, nikangoja upepo uongezeke kidogo, kisha nikalivuta tanga na kulisukuma, tena na tena.

"Mama anapepeta mchele!" wakacheka ufukweni.

Ubao ukanyanyuka. Ukateleza juu ya maji!

Nikageuka kumtazama Désiré. Hapo ndipo nilipoanguka.

"Umeanguka!" akapiga kelele Désiré.

"Nimeangukia mbali, baba. Wewe ungali palepale!"

Unayeona mwanamke mzito wa umri wangu anafaa kubaki ufukweni, andika hapa chini. Nitakujibu nikikauka.