Hakimu Kwenye Bango la Bucha

Joel Waitara anatengeneza matangazo hapa Bomani, Tarime. Kibanda chake kimepakana na changu. Mimi nashona viatu barazani, na kwa kuwa kushona kiatu hakuzibi masikio, nimesikia mengi yanayosemwa mle ndani. Kila mteja wa Joel anataka kitu kimoja: kila kitu. Akija wa saluni anataka picha yake, picha ya mume wake, simba, mstari wa Biblia na namba za simu za mitandao yote. Joel akimwambia, "Dada, hapa pangebaki wazi kidogo ili macho yapumue," anajibiwa, "Macho yakapumulie kwao. Mimi nimelipia bango zima."

Joel ana elimu yake ya chuo cha Mwanza na ana maneno mengi juu ya kazi hii. Huwa ananiuliza, "Mzee wangu, njiwa weupe wa kadi za harusi umeshawahi kuwaona wapi hapa Tarime?" Namwambia niliowahi kuona walikuwa wa kijivu, na tuliwala. Anauliza tena kwa nini marehemu wetu wote lazima wawekwe mawinguni na geti la dhahabu, hata yule aliyekufa anadaiwa na baa mbili. Anasema bodaboda wanabandika wanamuziki kwenye matanki ya mafuta kama vile wanamuziki hao wanawajua. Halafu anamaliza na lile lake, "Watu hawasomi. Wanaangalia. Macho yanafika kabla ya akili."

Sasa sikiliza macho yalivyofika.

Godwin, mwenye bucha pale karibu na stendi, alitaka bango jipya. Joel alikataa kumpa ng'ombe wa mtandaoni. Alisema wale ni ng'ombe wa kizungu, wana maziwa mengi na sura za walimu wa zamu, nani atawala? Akaenda nyumbani kwao, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka mjini, akampiga picha dume la baba yake.

Dume hilo linaitwa Hakimu. Lina baka jeupe usoni lililochanika kama jani la mgomba baada ya mvua ya mawe, na lina tabia ya kukutazama muda mrefu kabla ya kuamua kama upite au usipite. Mzee Waitara, baba yake Joel, alikuwa kwenye mazishi siku hiyo. Joel hakumwambia. Angemwambia nini? Picha si kamba, haimfungi ng'ombe.

Bango likatoka zuri, mimi mwenyewe nilinyanyuka kwenye kiti kwenda kulitazama. Hakimu mzima mzima, na juu ya mwili wake mistari myekundu ya nukta nukta: huku shingo, huku nundu, mbavu, sarara, paja. Chini maneno machache, maana Godwin kwa mara ya kwanza alikubali kushauriwa: NYAMA UNAYOIJUA. Watu walikuwa wanasimama wanaonesha kwa kidole, "Mimi nikatie hapo." Wengine wakaweka kwenye status. Joel alitembea wiki ile kifua mbele kama aliyezaa mapacha.

Alichosahau ni kwamba mdogo wake, Gidion, anaoa.

Msichana ni Irine, wa Kisaka, huko Serengeti. Mnajua mambo yetu: upande wa msichana wanakuja wenyewe kuwaangalia ng'ombe zizini, mmoja mmoja, wakubali au wakatae. Mitamba ya Mzee Waitara mwaka huu imekonda, hakuna haja ya kuficha, mbavu zinahesabika. Tegemeo lote lilikuwa Hakimu. Na kila mtu alijua kuna mwanaume wa Natta anayefanya kazi kambi ya watalii, amekaa pembeni na ng'ombe wake wanono, anasubiri tukosee. Irine mwenyewe alimpigia Gidion simu, akamwambia, "Fanya wachague vizuri. Mimi huko Natta sitaki kupelekwa."

Niliitwa niwe msemaji wa upande wetu. Mdomo huu umenisaidia hivyo tu maishani.

Wageni walifika asubuhi, wamelala mjini usiku wa kuamkia siku hiyo. Mkubwa wao alikuwa Mzee Simoni, mjomba wa Irine, mtu mfupi mwenye fimbo ndefu. Tulimpa shikamoo, akaitikia, akaingia zizini. Alizunguka. Kwa mtamba wa kwanza akaguna. Kwa wa pili akaguna. Alipofika kwa Hakimu hakuguna. Akatoa miwani mfukoni.

"Huyu namfahamu," akasema.

Nikacheka. "Mzee, utamfahamu wapi? Huyu hajawahi kutoka hapa hata kwenda mnadani."

"Nimemwona jana stendi. Paja lilikuwa huku, mbavu kule. Na wameandika, nyama unayoijua. Basi nimeijua."

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Wazee wa hapa, ng'ombe wa mahari anakuja kwetu azalishe, apewe jina, wajukuu wamjue. Huyu mmeshamkata vipande mbele ya watu. Mnataka nimpeleke Kisaka niseme nini? Watoto wa Irine waitwe watoto wa bucha?"

Mzee Waitara akasimama. Ni mtu wa maneno machache, kwa hiyo yakitoka yanakuwa na uzito. "Mgeni wangu," akasema, "ng'ombe hufanana. Huyu wangu hajapigwa picha na mtu. Naapa kwa kaburi la baba yangu, lile pale."

Akanyoosha mkono. Kaburi lenyewe lilikuwa nyuma ya ghala, sote tukaliangalia.

Mimi nilikuwa namtazama Joel. Alikuwa ameegemea nguzo ya zizi na jasho limemtoka, na asubuhi ile ilikuwa na baridi. Angenyamaza, yangepita. Nani angebishana na kiapo cha mzee nyumbani kwake? Mzee Simoni mwenyewe alikuwa ameshaanza kuvua miwani. Gidion alikuwa anamtazama kaka yake kwa macho ya kuomba, nyamaza, nyamaza tu.

"Tata," Joel akamwambia baba yake, "ni yeye. Nilimpiga mimi, ulipokuwa msibani."

Mzee Waitara aliushusha mkono wake polepole, kama mtu aliyekuwa amebeba kitu akaambiwa si chake. Hakumtukana Joel. Angemtukana tungepata pa kushika.

Gidion ndiye aliyelipuka. "Mura, kweli? Ng'ombe wote wa Tarime hii, ukaona umchinje wa ndoa yangu?"

"Sikumchinja, nili..."

"Ulimchora mistari! Sarara umeandika!"

Mzee Simoni akagonga fimbo chini. "Huyu kijana amesema kweli ilipokuwa rahisi kudanganya," akasema. "Mimi sirudi Kisaka bado. Lakini watu wengi wamemwona akiwa maiti. Aliyemchinja mbele ya watu amfufue mbele ya watu."

Joel akaelewa kabla yetu. Akachukua kamba.

Basi tukaenda. Joel mbele na Hakimu, sisi nyuma, wageni nyuma yetu na viatu vyao vya ibada. Mimi njia nzima natania ili watu wapumue, namwambia Joel kwamba leo ndiyo ametengeneza tangazo linalotembea. Hakucheka. Kila Hakimu aliposimama kumtazama mtu, Joel alisimama naye, akainamisha kichwa kama yeye ndiye anayehukumiwa.

Mjini ilikuwa siku ya soko. Akina mama wa ndizi ndio walianza. "Jamani! Si yule wa Godwin?" "Ndiye! Baka lile lile!" "Mbona bado ana shingo?" Simu zikatoka. Bodaboda wakatusindikiza na honi mpaka bucha, Godwin akatoka na kisu mkononi, akauliza, "Joel, umeniletea mali?" Umati ukamzomea mpaka akarudi ndani kukiweka.

Joel akapanda kwenye stuli akalifungua bango mwenyewe, akalitandika chini. Hakimu akamtazama yule mwenzake wa mistari, muda mrefu, kama kawaida yake. Halafu akamkanyaga usoni, akakojoa.

Watu walishangilia utafikiri tumefunga goli. Mpaka jioni video ilikuwa imefika Sirari, kule mpakani, na kila aliyetuma aliandika kwamba Hakimu yuko hai.

"Sasa nimemwona mara mbili," akasema Mzee Simoni, "na mara ya pili alikuwa anapumua." Akampiga Hakimu mgongoni kwa kiganja. Kwetu hiyo ni sawa na kutia sahihi.

Gidion ameoa. Irine anamwita Joel shemeji mchinjaji, na Gidion siku hizi anacheka. Godwin amepata bango lingine, lina maandishi tu, na anauza vile vile.

Lakini Mzee Waitara alikuwa ameapa uongo bila kujua, na kaburi halifunguliwi kama bango. Siku hizi akija mjini anapita kwa Joel, anakaa kwenye benchi, anatazama kazi zilizotundikwa ukutani. Juzi kulikuwa na ng'ombe kwenye tangazo la dawa ya kupe, amechorwa kwa kompyuta, hana hata baka.

"Huyu ni wa nani?" mzee akauliza.

"Si wa mtu, tata. Nimemchora kutoka kichwani tu."

"Apa."

Sindano yangu ikasimama katikati ya soli. Joel, anayewatafutia maneno watu wa mji mzima, akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.