Mashine Yangu Haitoboi Mitutu

Ashukuriwe Mungu aliyenipa vidole kumi akanilindia vyote kumi, maana katika kazi yetu wengi wamestaafu na vidole pungufu.

Siku yangu ya kwanza, katika karakana ya kiwanda cha kuchambua pamba, sikukata chuma. Mkuu wa Karakana, mtu wa kwetu, alinipa pima maji nikague miguu ya kerezo. Kerezo ni mashine inayozungusha chuma huku kisu kimetulia. Ndugu yake, miling, huzungusha kisu na chuma kikatulia.

"Mzee, mbona napima sakafu?" niliuliza.

"Mashine ikilala vibaya, mura, kijana wangu, kila utakachokata kitakuwa cha uongo. Pima!"

Nilipima siku nne. Miaka baadaye nikahamishiwa karakana ya matrekta, chini ya Fundi Mkuu ambaye hakuamini kipimo kilichochukuliwa mara moja, na mwisho machimboni, chini ya Msimamizi wa Zamu aliyependa kelele kuliko kazi. Huko nikastaafu.

Nilinunua kerezo na miling kuukuu, nikazileta nyumbani Matongo. Mlango haukutosha, tulibomoa ukuta, tukaziviringisha juu ya mabomba. Sakafu ilikuwa ya zege lenye nondo, nami niliimwagilia wiki tatu ikomae. Umeme wa nyumbani ni wa njia moja na mota zilitaka njia tatu, nikabadilisha mota. Chini ya miguu niliweka vibati vyembamba, nikakaza nati kidogo kidogo, leo hii, kesho ile, kwa sababu ukikaza kwa nguvu mara moja unaipinda mashine yenyewe.

Kuijaribu kerezo, nilichukua chuma cha duara, urefu wa mkono wangu, nikakitoboa kati toka mwisho hadi mwisho. Majirani walijaa. Nikakiinua kwa majivuno: "Chungulieni! Tundu limenyooka!" Wakachungulia mmoja mmoja, wakatazamana.

Asubuhi yake akaja Marwa, jirani ninayekaa naye benchi moja kanisani. Alibeba kitu ndani ya gunia.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Umeleta shafti ya mashine ya kusaga?"

"Chuma tu. Nitobolee kama kile cha jana, ila kirefu zaidi."

"Cha nini?"

Akacheka. "Bomba la maji."

"Maji gani yanahitaji bomba nene hivi? Marwa, huo ni mtutu wa bunduki!"

Kicheko kikamwisha. "Ng'ombe wangu saba wameibwa, na unajua ni ukoo gani umewachukua. Au unasubiri waje wachukue na wako?"

"Polisi nitakwenda nawe hata kwa miguu. Chuma hicho ondoka nacho."

"Kumbe! Mashine kubwa, moyo mdogo."

Tangu siku hiyo watu wa ukoo wetu, mimi na Marwa, hawaniamkii; wanasema nimewasaliti. Msibani nilikaa peke yangu kama mgeni.

Nina hasira, wala sitaificha kwa kuwa ni mzee wa kanisa. Maisha yangu yote nimekereza vyuma ili watu walime na wasage unga. Leo mtu anachungulia tundu nililotoboa, anaona kifua cha jirani! Na wanaume wazima wanaliita hilo ushujaa. Hata mimi najikasirikia: nani aliniambia nijivunie tundu mbele ya watu wenye uchungu?

Juzi mke wa Marwa alileta shafti ya mashine ya kusaga iliyokatika. Nilimkerezea mpya, nikatuma salamu kwa mumewe. Jibu halijaja. Nitatuma tena, maana subira nayo Mungu amenipa. Lakini mtutu hautatoka humu, hata kama mke wangu atanizika peke yake.

Wewe unayesoma, Bwana ailinde mikono yako, na aizuie isifanye kazi yoyote ambayo usingeweza kumwonyesha mjane wa jirani yako.